Siku Moja Kigoma kwa Msafiri wa Meli

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya msafiri aliye na siku moja tu. Katika bahari ya Ugiriki ziko meli kubwa za matembezi ambazo hufika asubuhi mbele ya kisiwa kama Santorini. Abiria hushushwa kwa mashua, hupanda genge refu mpaka mjini, na jioni hawana budi kurudi melini. Sisi wa Ziwa Tanganyika twaifahamu hali hiyo, maana Kigoma ni mji wa meli na gari la moshi, na wengi waupitao hukaa kutwa moja tu. Je, mgeni wa namna hiyo aitumieje siku yake?

Kwanza na atazame bandari. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1914, na kwa reli hiyo zililetwa sehemu za meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Iliunganishwa papa hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Mwezi wa Julai 1916, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Kwa hiyo ilipoinuliwa mwaka 1924 mitambo ilionekana bado yafaa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi meli hiyo ilikwenda mpaka Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, na mashua zikiifuata kupakua watu na mizigo.

Kisha, jua lingali changa, na aende Kibirizi. Huko atawaona wavuvi waliokesha ziwani. Katika usiku wa giza huwasha taa, dagaa hufuata mwanga, ndipo nyavu huinuliwa. Mwezi ukiwa mpevu kazi hupungua. Dagaa huanikwa juani, na mvua ikija ghafula faida ya usiku mzima yaweza kuharibika. Mgeni asiwapige picha watu hao bila kuomba ruhusa, wala asikanyage dagaa walioanikwa: chakula na ada ya shule vimelala pale chini.

Baada ya hapo na aende Ujiji, ambao leo ni manispaa moja na Kigoma. Wageni wengi huja kutazama mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, chini ya mwembe. Mwembe wenyewe haupo tena, ila kuna mnara wa ukumbusho na miembe mingine. Kutoka hapa wawili hao walikwenda kwa mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani, wala hautoki.

Lakini twaomba mgeni asitosheke na habari ya wageni wawili. Ujiji ulikuwapo kabla yao. Burton na Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta mji wa biashara, mwisho wa njia ndefu ya misafara itokayo Bagamoyo. Wapagazi walileta nguo na shanga vichwani, wakarudi na pembe za ndovu. Na pamoja nao walikwenda watumwa, wengi wao wakiwa wametolewa ng'ambo ya ziwa. Majina yao hayakuandikwa juu ya mnara. Atakayesimama pale na asiwakumbuke hao, ameona jiwe tu. Na amwombe mwenyeji mzee ampitishe mitaani. Hapo atasikia habari za mji kutoka kwa wenyewe.

Wako watakaouliza juu ya Gombe na sokwe wake, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Ni mahali pazuri sana, lakini mashua ya kawaida huchukua saa kadhaa kwenda tu, na upepo wa ziwa hauna ahadi. Aliye na siku moja asiende kwa pupa, wala asipande mashua iliyojaa kupita kiasi kwa kuogopa kuachwa na meli. Tena mwenye mafua asiende kabisa, kwa kuwa maradhi ya binadamu huwaambukiza sokwe na kuwaua.

Na sisi wenyeji tuna wajibu wetu. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hatuponi kwa kumdanganya mgeni bei ya nauli au ya samaki. Tumweleze saa ya kweli ya kurudi, tumwonyeshe njia, na tumwuzie kwa haki, apate kuwaambia wenziwe waje.