Gari la Umeme: Je, Litatufaa Mnyuzi?



Mmeniuliza kama gari la umeme laweza kuchukua nafasi ya gari la petroli hapa kwetu. Umeme si mgeni: majirani zetu wa Hale waliona kituo cha umeme wa maji ya mto Pangani kikianza kazi mwaka 1964. Tena mota ya umeme haihitaji oili wala plagi, na haipotezi nguvu kama injini ya petroli, ambayo zaidi ya nusu ya mafuta yake huishia kuwa joto tu.

Lakini mama mjamzito akizidiwa usiku, umeme umekatika na betri imeisha chaji, tutamwambia asubiri? Petroli hujazwa kwa dakika chache. Betri huchajiwa kwa saa kadhaa.

Kwa hiyo nashauri tuanze na pikipiki ya umeme kwa safari fupi za vigangoni, kama walivyoanza bodaboda wa Dar es Salaam na Nairobi. Gari la kubebea wagonjwa libaki la petroli kwanza. Na kabla ya kununua tumwulize muuzaji: fundi yuko wapi, na betri ikichoka, nyingine itatoka wapi na kwa bei gani?