Msamiati wa Ladha: Kutoka Mbege hadi Mvinyo

Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuonjea mvinyo. Tuchukue Chardonnay, zabibu nyeupe ya Bourgogne, Ufaransa. Ikikulia penye baridi, mvinyo wake huwa na uchachu ulio wazi. Ukilazwa katika pipa la mwaloni, hupata harufu ya vanila na ukakasi kidogo. Je, haya ni mageni hapa Kijenge? Mnywaji wa mbege hutofautisha utamu wa ndizi mbivu, uchachu wa pombe iliyolala na uchungu wa msesewe. Ukakasi ameujua kwa ndizi mbichi. Tatizo letu ni kuyafumba yote katika neno “kali”. Basi, kabla ya kuunda istilahi, tuwasikilize wapika pombe.