Dawa za Kulegeza Njia ya Mkojo: Faida na Hadhari Zake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetutuma tunene juu ya jambo ambalo desturi zetu hulisitiri. Twaomba radhi kwa wazee kabla ya kulitaja. Lakini chama cha kusaidiana hakifai kungoja mtu azikwe ndipo kimchangie.

Mwanamume apitapo umri wa miaka 50, tezi dume, ambayo iko chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo, huelekea kukua. Mkojo hukawia kutoka, mkondo huwa mwembamba, na usingizi hukatizwa mara kwa mara. Kukua huko si saratani, ingawa dalili zaweza kufanana. Kwa hiyo sharti daktari apime kwanza, mtu asije akatulizwa na vidonge huku ugonjwa mwingine ukijificha.

Njia huzibwa na mambo mawili: ukubwa wa tezi yenyewe, na kukaza kwa misuli midogo iliyomo ndani ya tezi na katika shingo ya kibofu. Dawa ziitwazo alfabloka, kama vile tamsulosini, alfuzosini, terazosini na doksazosini, huilegeza misuli hiyo, na nafuu yaweza kuonekana baada ya siku au majuma machache. Lakini haziipunguzi tezi. Mtu akiziacha, taabu yaweza kurudi. Ziko dawa nyingine, kama finasteridi, ambazo huipunguza tezi polepole kwa miezi sita au zaidi. Uchunguzi wa wanaume 3,047 uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha ya kwamba doksazosini na finasteridi zikitumiwa pamoja huzuia ugonjwa kuendelea kuliko moja peke yake.

Sasa tunene juu ya hadhari. Kwanza, misuli ya namna hiyo imo pia katika mishipa ya damu. Ikilegea, shinikizo la damu hushuka, hasa siku za kwanza, au kipimo kiongezwapo, au mtu aliyeacha kwa siku kadhaa aanzapo tena. Mzee ainukaye ghafula usiku aweza kupatwa na kizunguzungu, akaanguka na kuvunjika nyonga. Yafaa aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha asimame polepole, na taa iwe karibu. Atumiaye dawa za shinikizo la damu, au za nguvu za kiume kama sildenafili, amweleze daktari kabla ya kuanza.

Pili, jicho. Mwaka 2005 madaktari Chang na Campbell wa Marekani walieleza ya kwamba, katika upasuaji wa mtoto wa jicho, watu waliotumia tamsulosini huenda ile sehemu ya jicho yenye rangi ikalegea na kuitatiza kazi. Huweza kutokea hata kwa aliyekwisha kuiacha dawa. Daktari wa macho akiambiwa mapema hujiandaa. Asipoambiwa, hatari huongezeka.

Tatu, kwa wengine shahawa hupungua au hurudi kibofuni. Jambo hilo halidhuru mwili, wala si haki mtu aache dawa kimya kimya kwa sababu yake. Daktari aweza kumbadilishia.

Tena, asiwepo mtu wa kumgawia jirani vidonge vyake. Na mkojo ukizuilika kabisa, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile akawekewe mpira. Asingojeshwe hadi kesho.

Wazee wetu, mtaona ya kwamba karibu kila hatari tuliyoitaja hupungua mtu akisema. Wahenga walinena, mficha maradhi kifo humuumbua. Basi twaomba kila mwanachama aandike majina ya dawa zake zote katika karatasi moja, aichukue kila aendapo kwa daktari, awe wa macho, wa meno au wa mifupa. Asiyejua kuandika asione haya kumwendea karani wa chama, naye ataitunza siri hiyo kama atunzavyo hesabu za fedha zenu.