Kiuno Kinachobeba Kikundi
(Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu)



Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo. Miaka kumi si mchezo. Hesabu za fedha mmeshasomewa na mhazini, hatutazirudia. Sisi tumeomba dakika chache tuzungumzie kiuno.

Msicheke jamani. Fedha iliyomo kwenye sanduku letu haikuanguka kutoka mbinguni. Imetoka kwenye jembe, kwenye dagaa, kwenye genge na kwenye cherehani, na kazi zote hizo zinabebwa na kiuno. Tukiangalia daftari la mikopo, mama anayechelewesha rejesho mara nyingi si mkorofi. Ameshindwa kwenda shamba au sokoni kwa sababu hata kuinuka kitandani ni shida. Tena anaficha, kwa kuogopa kuitwa mvivu. Ndiyo maana tumeamua kulisema leo, mbele ya waume zetu na watoto wetu.

Na jambo hili si letu peke yetu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Hakuna maradhi mengine yanayowafanya watu wengi kiasi hicho washindwe shughuli zao.

Sasa yanatoka wapi? Kati ya wagonjwa 10, kama 9 hivi hawana ugonjwa maalum ambao daktari anaweza kuuonyesha kwa kidole. Maumivu yanatoka kwenye misuli na viungo vya mgongo vilivyochoka au kushtuka. Kwa hiyo mtu akikuambia umerogwa, jiulize kwanza wiki iliyopita umefanya kazi gani.

Sababu ya kwanza ni kuinama muda mrefu. Hapa Musoma tunaanika dagaa mchangani na kuwageuza tumeinama. Wenzetu wa Bunda wanainama kwenye pamba, na wa Butiama kwenye palizi ya mihogo na mtama. Jembe lenye mpini mfupi linazidisha. Mgongo ukipinda muda mrefu, misuli ya kiuno inavutika bila kupumzika.

Ya pili ni mizigo. Maji ya ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ukienda safari tano umebeba kilo 100, uzito wa gunia zima la mahindi, na kuni hatujazihesabu. Kinachoumiza zaidi ni kuinua mzigo kutoka chini miguu imenyooka, halafu ukageuka nao papo hapo.

Ya tatu ni kukaa sana. Mama wa cherehani na mama wa genge kwenye kigoda wanakaa kutwa mzima mgongo umepinda. Na kiuno kisichonyooshwa kinakakamaa.

Ya nne ni uzazi. Mimba inavuta mgongo mbele na viungo vya nyonga vinalegea. Mama akijifungua leo, halafu wiki hiyohiyo yuko kisimani na ndoo kichwani, tusishangae akilalamika.

Ya tano ni umri. Hedhi ikikoma, mifupa hupungua nguvu, na kuanguka kidogo tu kunaweza kuvunja pingili ya mgongo. Tena mawazo na kukosa usingizi huzidisha maumivu. Mwenye deni linalomnyima usingizi anaumwa mara mbili.

Lakini, ndugu zangu, yapo maumivu ya kiuno ambayo ni dalili ya ugonjwa mwingine. Inaweza kuwa figo au njia ya mkojo. Inaweza kuwa matatizo ya kizazi. Kifua kikuu nacho huingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Na kwa sisi wafugaji kuna bruselosi, ambayo mtu huipata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika mfugo uliotupa mimba. Maziwa tuyachemshe.

Kwa hiyo usikae nyumbani ukiona haya: maumivu pamoja na homa, kukonda, au kutokwa damu ukeni isivyo kawaida, maumivu yanayozidi usiku hata ukiwa umelala, maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka. Nenda kituo cha afya. Na ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au haja inakutoka bila kujijua, usingoje kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana ukichelewa unaweza kulemaa.

Kiuno cha kazi kikikupata, usilale wiki nzima. Zamani watu waliambiwa walale, siku hizi wataalamu wanasema tembea taratibu, fanya kazi nyepesi, jikande maji ya moto. Wengi hupata nafuu katika wiki chache. Tusinunue diklofenaki dukani na kumeza kila siku kama karanga. Inaweza kuchoma tumbo na kuharibu figo. Na kwa maumivu ya muda mrefu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unahimiza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya kiuno. Fedha ya mkanda bora iwe hisa.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kwa hiyo sisi viongozi tunaleta mapendekezo matatu yajadiliwe na mkutano wetu ujao. Moja, mkopo wa vichanja kwa wauza dagaa. Dagaa wa kichanjani hawana mchanga, bei yao ni nzuri zaidi, na mama anawageuza akiwa amesimama. Mbili, mfuko wa jamii ununue toroli moja kila upande, yaani Musoma, Bunda na Butiama, kwa ajili ya maji na mizigo. Tatu, mwanachama mwenye cheti cha kituo cha afya aongezewe muda wa rejesho bila faini. Tunajua wapo watakaosema faini ndiyo nidhamu yetu. Waje waseme mkutanoni, tusikilizane. Lakini mama anayelazimishwa kurudi shamba kabla hajapona atashindwa rejesho la mwezi huu na la mwezi ujao pia.

Na ninyi akina baba, ndoo haina jinsia. Mpini mrefu wa jembe mnaweza kuuchonga hata kesho asubuhi.

Tulipoanza tulisema haba na haba hujaza kibaba, na kweli kimejaa. Lakini wazee walisema pia, bandu bandu huisha gogo. Tusijaze sanduku huku tukimaliza migongo iliyolijaza.