Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa



Juma lililopita tulizungumza juu ya kukausha mahindi na kuyahifadhi ghalani. Naamini wengi wenu mmekwisha kupukuchua, magunia yameshonwa, na wanunuzi wameanza kupita na malori yao. Leo basi bei tuiache kidogo. Tuzungumze juu ya wale wanaoyala mahindi hayo nyumbani kwako, tangu yule aliye tumboni mwa mama yake hadi babu aliyebakiwa na meno mawili.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunajisifu, na ni haki yetu, kwamba tunailisha nchi. Lakini uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri wa chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Iringa waliodumaa walikuwa 57 katika kila 100. Njombe na Rukwa walikaribia 50. Hebu zisome tena tarakimu hizo, kisha litazame ghala lako. Na udumavu si ufupi wa kurithi kwa babu. Mtoto aliyedumaa huugua mara kwa mara, na darasani huchelewa kushika anayofundishwa. Sehemu kubwa ya hasara hiyo hupatikana kabla hajatimiza miaka miwili, na baada ya hapo ni vigumu sana kuirudisha.

Sasa, mwenye ghala lililojaa anakosa nini? Anakosa kugawa chakula kwa umri. Ugali ni mmoja, mboga ni moja, anayekula upesi ndiye anayeshiba. Mtu mzima anaweza kuishi hivyo miaka mingi. Mtoto mchanga hawezi.

Kwa miezi sita ya kwanza mambo ni rahisi: maziwa ya mama peke yake, kuanzia saa ile ya kwanza baada ya kuzaliwa. Hata maji hayatakiwi. Shida huanza mwezi wa saba. Tumbo la mtoto huyo ni dogo. Kwa mlo mmoja hawezi kumaliza zaidi ya nusu kikombe cha chai hivi. Mama naye humkorogea uji mwepesi wa sembe ili umeze vizuri. Kumbe nusu kikombe hicho ni maji matupu yaliyotiwa unga kidogo! Mtoto ananyamaza, mama anadhani ameshiba.

Dawa yake iko mikononi mwa mkulima wa ulezi, nayo ni kimea. Akina mama wanaopika pombe wanakijua kuliko mimi. Chagua ulezi safi, uloweke usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Uanike juani ukauke kabisa, uufikiche ili vichipukizi na mizizi vitoke, kisha usage. Pika uji mzito, mzito wa kusimamisha kijiko. Uepue, uache upoe kidogo lakini uwe bado wa moto, utie kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Utauona unalegea mbele ya macho yako. Urudishe jikoni uchemke tena, ndipo umpe mtoto. Unamezeka kama ule mwepesi, lakini chakula kilichomo ni kile cha uji mzito. Usitie kimea wakati uji unatokota, maana moto mkali huua nguvu yake kabla hakijafanya kazi.

Ndani ya uji huo tia maziwa, au karanga zilizokaangwa na kusagwa siku hiyo hiyo. Siku hizi wengi wanachanganya nafaka tano, soya na karanga katika unga mmoja na kuuita unga wa lishe. Mimi sipendezwi nao. Karanga zikisagwa pamoja na unga huvunda upesi, na soya isiyopikwa kwanza humsumbua mtoto tumbo. Nafaka moja yatosha. Vingine ongeza wakati wa kupika. Na karanga au mahindi yenye ukungu yatupe. Mwaka 2016 sumu ya ukungu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Mtoto wa miezi sita hadi minane apewe mlo mara mbili au tatu kwa siku; kuanzia miezi tisa, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati kama ndizi mbivu au parachichi. Maziwa ya mama yaendelee hadi miaka miwili au zaidi. Hapa ndipo palizi inapotushinda. Mama anaondoka alfajiri, mtoto anaachiwa dada yake wa miaka minane na bakuli la uji uliopoa, hadi saa tisa mchana. Ndugu baba, jambo hili ni lako. Ama mtoto aende shambani na mama yake, ama mmoja wenu arudi saa tano kumpikia. Mistari miwili ya mahindi ikichelewa kupaliliwa, utaipalilia kesho.

Nina ombi moja kwa kila nyumba yenye mtoto wa umri huo au mama mjamzito: kabla lori halijafika, tenga debe moja la maharage na uliite debe la mtoto. Debe lina kilo 16 hadi 18. Ukiligawa kwa siku 365 unapata gramu 45 hivi kwa siku, yaani konzi moja. Yaloweke, mwaga maji hayo, yachemshe mpaka yalainike kabisa, yamenye maganda, uyaponde. Ada ya shule isiliguse, wala sherehe. Panda pia matuta machache ya viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, kwa ajili ya vitamini A.

Mama mjamzito ale mlo mmoja zaidi, na zile hadithi za kwamba akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele tuziache. Ameze na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Msichana aliyevunja ungo naye anapoteza damu kila mwezi. Mpeni maharage, dagaa na majani ya kijani, pamoja na pera au chungwa ili damu ipate madini yake. Chai isinywewe pamoja na chakula, isubiri saa nzima hivi.

Akina baba wenzangu, kwetu sisi neno ni fupi: finyango kubwa hatuihitaji kuliko mtoto. Tupunguze chumvi na pombe.

Wazee tunawasahau. Bibi asiye na meno huacha nyama na maharage magumu, akabaki na ugali na mchuzi kila siku, halafu tunasema uzee umemkondesha. Mpondee maharage kama ya mtoto, mpe maziwa, yai, samaki aliyechambuliwa miiba. Mkikaanga mboga kwa mafuta mengi, mwekeeni yake pembeni kabla, hasa kama ana shinikizo la damu.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kutengeneza bustani ya mboga ya kiangazi kwa maji ya kuoshea vyombo. Tayarisheni samadi iliyooza, madebe mawili kwa kila tuta.