VITABU VYA PICHA NA WATOTO WETU WADOGO
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bondeni, Nakuru)



Tumezoea kukutana hapa kwa habari za mishahara na saa za kazi. Leo twaomba tuseme habari za watoto wetu ambao hawajaingia darasa la kwanza.

Wengi wetu twadhani hesabu na sayansi ni mambo ya shule za wakubwa. Sivyo. Mtoto wa miaka minne anayeuliza kwa nini bati ladondosha maji alfajiri, na mvua haikunyesha, amekwisha kuanza sayansi. Tukimjibu, "Nyamaza, tumechoka," mlango tumeufunga sisi wenyewe.

Kitabu cha picha ni chombo cha kazi kama spana: kikilala kabatini hakifai kitu. Matumizi yake ni haya.

Kwanza, tusiharakishe kufungua ukurasa. Ikiwa ni picha ya flamingo wa ziwa letu, tuulize: Wako wangapi? Mbona miguu ni mirefu? Mbona mdomo umepinda? Ndege huyu hula akiwa ameinamisha kichwa juu chini, akichuja viumbe vidogo vya majini.

Pili, tumwache mtoto ajibu. Akikosea, ahesabu tena kwa kidole.

Tatu, tufunge kitabu tushike vitu vyenyewe. Wekeni kizibo cha soda katika beseni la maji. Kikilazwa chali taratibu huelea. Kikijaa maji huzama. Mtoto aseme kwanza kitakuwaje, kisha ajaribu.

Wako watakaosema, "Sisi hatukusoma." Ndugu, picha haina Kiingereza. Ulizeni kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, kwa lugha yoyote ya nyumbani. Mwaka 1971 Bibi Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa kitabu huko Marekani cha kuhesabu moja hadi kumi kwa Kiswahili, picha zikachorwa na Bwana Tom Feelings. Mwaka 1972 kikapewa heshima ya Caldecott. Ikiwa watoto wa mbali wamefundishwa hesabu kwa lugha yetu, wa Bondeni waionee haya?

Twajua vitabu ni ghali, na wengine twatoka kazini usiku. Kwa hiyo twaleta mambo mawili mbele yenu. La kwanza, dakika kumi kila siku. Mzazi akiwa zamu, kaka au dada mkubwa ashike nafasi yake. La pili, tuchange tununue sanduku moja la vitabu, lizunguke nyumba kwa nyumba. Tena, Katiba ya 2010 iliweka elimu ya awali mikononi mwa kaunti. Basi tuiandikie kaunti yetu, tudai vitabu vya picha katika kila darasa la nasari.

Samaki mkunje angali mbichi. Tukingoja darasa la nane tutakuwa tumechelewa.

Umoja ni nguvu.