FUNDI WA MITUMBWI MBALI NA ZIWA
(Maneno yaliyosemwa na mjukuu wake siku ya kumaliza matanga, Nyarugusu)

Kwa niaba ya familia ninawashukuru kwa kukaa nasi katika msiba huu. Bibi amenituma niseme machache juu ya babu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi tu.

Babu alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, na kazi yake ilikuwa kuunda mitumbwi ya mbao. Vita vilipotufikia mwaka 1996, alifunga ndani ya gunia nyundo, msumeno, randa na patasi mbili. Bibi akamwuliza mbona anaacha godoro. Akajibu: "Kwa vyombo hivi nitatengeneza kitanda. Kwa godoro sitatengeneza kitu."

Tulivuka ziwa hadi Kigoma, tukaletwa hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka ule ule. Hapa hakuna ziwa. Maji yetu ni ya bomba, na yana foleni. Wapo waliodhani kazi ya fundi wa mitumbwi imekwisha.

Yeye alitazama kilichopo. Makopo ya mafuta ya posho aliyapasua, akayanyoosha, akayafanya milango. Makopo madogo yakawa koroboi. Kwa kuwa kukata miti ovyo kumekatazwa, alitumia mbao za masanduku yaliyotupwa. Sisi wajukuu tulitumwa kuokota misumari iliyopinda penye nyumba zilizobomoka, na hakuna aliyepewa msumari kabla hajaunyoosha wa kwake. Magongo ya kutembelea aliyatengeneza bure. Jeneza la mtoto hakulitoza hata senti moja. Siku hiyo alifanya kazi bila kuongea, nasi tulijua tusimsemeshe.

Mwaka 2015, ndugu zetu wa Burundi walipoingia kwa wingi, alikuwa mzee tayari na macho yamepungua. Hata hivyo alichukua gunia lake akaenda kwao. Alisema mtu aliyekimbia hapati usingizi mpaka awe na mlango wa kufunga.

Mimi ni msichana, na alinifundisha randa. Watu walipomcheka aliwaambia: "Msumari haujui umepigwa na mkono wa nani." Leo milango miwili katika kijiji chetu ni ya mkono wangu. Mmoja unakwaruza chini, wenyewe wamekwisha kuniambia.

Ndugu zangu, nisiwafiche. Babu alipofariki, palikuwa na maneno katika familia juu ya gunia lile. Deni la matibabu lipo, posho haitoshi, na mnunuzi alikuja na fedha mkononi. Baba mdogo hakukosea kutaka kuuza. Ana watoto wa kulisha. Tulikaa usiku mbili. Mwishowe bibi alisema: "Fedha hii tutaila mwezi mmoja. Gunia hili limetulisha toka tulipovuka." Basi vyombo havitauzwa. Deni tutalilipa polepole, kwa kazi ya vyombo hivyo hivyo.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza kwa kamati: mtupatie kivuli cha kukaa kila Jumamosi, ili vijana, wavulana kwa wasichana, wajifunze kazi. Kijana anayengoja tu, akingoja kurudi nyumbani au kwenda nchi ya mbali, mikono yake inasahau. Mahali popote atakapofika, ataulizwa anajua nini.

La pili ni lenu nyote. Babu aliandika kwa mkaa ukutani majina ya walioazima vyombo vyake. Hatujafuta. Patasi moja iko kanda ya jirani tangu masika, na nyundo ndogo mwenye nayo yuko hapa hapa, ananisikiliza. Hatumtaji. Alete tu, hata usiku, aiweke mlangoni.

Babu hakurudi ziwani, na hilo lilimwuma mpaka mwisho. Lakini hakuna siku aliyokaa hapa kama mtu asiye na kazi. Apumzike kwa amani.